Maendeleo au Uendelezaji? Tahakiki ya Istilahi za Maabara ya Utafiti Kiwandani

Kazi ya kuhakiki istilahi mara nyingi hudhaniwa kuwa ni kazi ya kupima uzuri wa maneno: neno hili latamkika vyema, lile lina harufu ya ugeni, jingine ni refu mno. Hatukatai kwamba uzuri una nafasi yake. Lakini istilahi ya kazini hupimwa kwanza kwa mizani nyingine, nayo ni hii: mtu aliyeisoma peke yake, bila ya mfasiri kuwapo pembeni yake, atafanya nini? Akifanya lililokusudiwa, istilahi imefaulu. Akifanya jingine, istilahi imeshindwa, hata kama inapendeza masikioni.

Tumeletewa rasimu ya mwongozo wa kusimamia maabara ya utafiti ya kiwanda, iliyofasiriwa kutoka Kiingereza ili itumiwe na wakuu wa idara, wahasibu na mafundi. Hatutakitaja kiwanda wala mfasiri. Mfasiri ni mtu mwenye bidii na Kiswahili chake ni safi. Tena makosa tuliyoyaona si yake peke yake, kwani mengi yamekwisha kuenea katika hotuba, katika magazeti na katika majalada ya ofisi, na baadhi yake tumewahi kuyafanya sisi wenyewe. Twayajadili hapa kwa kuwa mwongozo wa namna hii husomwa na watu wenye madaraka juu ya fedha na juu ya kazi za wenzao, na neno lililopotoka hapo halibaki katika karatasi.

Ili tusibishane juu ya maneno yaliyo hewani, tutayapima kwa kazi iliyofanyika kweli na ambayo habari zake zajulikana. Tumechagua zaidi Maabara ya Bell, iliyoundwa mwaka 1925 nchini Marekani na kampuni ya simu ya AT&T pamoja na kampuni tanzu yake ya kutengeneza vifaa, Western Electric. Humo ndimo ilimozaliwa transista, na historia ya kifaa hicho kimoja yatosha kutuonyesha mahali neno moja linapokwisha na jingine linapoanza.

Maendeleo na uendelezaji

Istilahi iliyo kichwani mwa rasimu nzima ni «utafiti na maendeleo». Wenye Kiingereza jozi hiyo huifupisha kwa herufi R na D, na wafasiri wetu wameizoea tafsiri hii kiasi kwamba hawaihoji tena. Sisi twaona kwamba nusu yake ya pili ina kasoro kubwa.

Neno maendeleo limetokana na kitenzi endelea, ambacho hakina mtendwa. Mtu huendelea, nchi huendelea, mvua huendelea kunyesha. Maendeleo basi ni jina la hali inayofikiwa au mwendo unaoonekana. Lakini kinachofanywa katika maabara ya kiwanda ni tendo, nalo lina mtenda na mtendwa: mhandisi hukichukua kitu kilichothibitika juu ya meza, akakiendeleza mpaka kiweze kutengenezwa kwa wingi, kwa gharama inayostahimilika na kwa ubora usiobadilika siku hadi siku. Kitenzi chake ni endeleza, na jina litokanalo na kitenzi hicho ni uendelezaji.

Tofauti hii si ya wanasarufi peke yao. Kila mtumishi wa serikali anajua tofauti baina ya upungufu wa wafanyakazi na upunguzaji wa wafanyakazi. La kwanza ni hali inayomkuta mkuu wa idara. La pili ni tendo analolifanya na atakaloulizwa. Hakuna atakayekubali barua ichanganye mawili hayo. Mbona basi twakubali kuchanganya maendeleo na uendelezaji?

Matokeo yake tuliyaona katika rasimu hiyo hiyo. Mwishoni mliambatishwa jedwali la makisio ya fedha, safu ya kwanza imeandikwa «Utafiti» na ya pili «Maendeleo». Mhasibu aliyepewa kazi ya kulijaza kwa majaribio alifanya kama alivyozoeshwa na vitabu vya fedha za umma, ambamo matumizi hugawanywa katika ya kawaida na ya maendeleo, na ambamo maendeleo ni majengo, barabara na mitambo mipya. Kwa hiyo chini ya «Maendeleo» aliandika ukuta wa uzio, paa la bohari na gari moja. Fedha za kurudia jaribio mara mia katika mtambo mdogo, za kununua malighafi ya kuharibu, na za kumlipa fundi atakayekaa miezi akitafuta kwa nini kundi la leo halifanani na la jana, hazikuwa na safu. Hapo hapakuwa na mwizi wala mzembe. Mhasibu alilisoma neno kama lilivyoandikwa, na neno likazihamisha fedha.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Tarehe 16 Desemba 1947 John Bardeen na Walter Brattain walifanikiwa kukuza ishara ya umeme kwa kutumia kipande cha jerimaniamu, na tarehe 23 ya mwezi huo wakawaonyesha wakuu wao. Habari ilitangazwa hadharani tarehe 30 Juni 1948. Je, siku hiyo palikuwa na kitu cha kuuzwa? La. Kifaa kilikuwa ni ncha za dhahabu zilizobanwa juu ya jerimaniamu. Kilikuwa na kelele nyingi, na viwili vilivyotengenezwa kwa mkono mmoja havikulingana tabia. Kazi ya kukiendeleza iliwekwa chini ya Jack Morton. Gordon Teal alijitahidi kukuza fuwele kubwa iliyo moja. William Pfann akabuni njia ya kuitakasa jerimaniamu kwa kuiyeyusha ukanda baada ya ukanda. Na Western Electric ikaanza kutengeneza transista mjini Allentown, Pennsylvania, mwaka 1951. Miaka hiyo baina ya 1947 na 1951 ndiyo uendelezaji. Mkuu wa maabara asiyekuwa na neno la kuitaja miaka hiyo hatakuwa na fedha za kuilipia.

Huenda msomaji akatukumbusha kwamba liko Shirika la Utafiti na Maendeleo ya Viwanda Tanzania, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979, na akauliza kama nalo twalikosoa jina. Hatulikosoi. Katika jina hilo maendeleo yamefungamana na viwanda: yanayotajwa ni maendeleo ya viwanda, yaani kukua kwa sekta nzima, na hapo neno limekaa mahali pake. Kosa huanza pale jozi inapokatwa mkia na kuwa «idara ya utafiti na maendeleo» ndani ya kiwanda kimoja. Maendeleo ya nani? Msomaji hulazimika kujaza mwenyewe, na kila mmoja hujaza alijualo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Uendelezaji limekwisha kushikwa na watu wa ardhi na mipango miji, wanaosema uendelezaji wa viwanja na wa makazi. Ni kweli. Lakini huko nako lina mtendwa na linataja tendo, hivyo maana ya msingi haikuvunjwa. Twapendekeza jozi iwe «utafiti na uendelezaji», na pale inapohofiwa utata, mtendwa atajwe: uendelezaji wa bidhaa, uendelezaji wa mbinu za uzalishaji.

Utafiti, uchunguzi na upimaji

Neno utafiti limekwisha kuzoeleka, lakini halikuwa peke yake siku zote. Taasisi iliyofahamika kwa kifupi cha TUKI, ambayo mwaka 2009 iliunganishwa katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, jina lake lilikuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Uchunguzi huo ndio ambao leo wengi wangeuita utafiti. Hivyo lugha imekuwa ikiyagawa maneno haya mawili polepole, na ni wajibu wetu kuusaidia mgawanyo huo badala ya kuuvuruga.

Rasimu tuliyoisoma imeuvuruga. Neno uchunguzi limetumika mara kwa kutafuta elimu mpya, mara kwa kutafuta chanzo cha ajali ya mtambo, na mara kwa kupima bidhaa zitokazo kiwandani kila saa. Hizi ni kazi tatu, zenye watu watatu na saa tatu mbalimbali. Apimaye uzito wa mifuko ya saruji anajua tangu mwanzo kipimo anachokitaka. Asichokijua ni kama mfuko huu umekifikia. Achunguzaye ajali ana tukio moja lililokwisha kutokea. Atafitiye hana uhakika hata wa swali lake.

Namna ya kuzipanga kazi hizi yaweza kujifunzwa kwa Walter Shewhart. Tarehe 16 Mei 1924, alipokuwa mtumishi wa Western Electric na kabla hajahamia Maabara ya Bell, alimpelekea mkuu wake waraka mfupi wenye mchoro. Mchoro huo ulikuwa na mistari miwili ya mipaka: vipimo vikicheza baina ya mistari hiyo, mtambo uachwe, kipimo kikivuka mpaka, patafutwe sababu. Tukiusoma mchoro huo kwa Kiswahili, twaona maneno yetu matatu yamejipanga yenyewe. Ndani ya mipaka tuko katika upimaji. Kipimo kikivuka mpaka twaanza uchunguzi. Na iwapo uchunguzi hautoi sababu inayojulikana, tumefika mlangoni mwa utafiti. Mwongozo unaoziita zote kwa jina moja humfanya mkuu aamini kwamba ana watafiti kumi na wawili, kumbe ana wapimaji kumi na mmoja na mtafiti mmoja aliyechoka.

Tugusie hapa jambo dogo la sarufi. Rasimu yaandika «maabara haya» na «maabara mengi», kana kwamba silabi ya kwanza ni kiambishi cha wingi. Matumizi yaliyokubalika ni maabara hii, maabara hizi, maabara nyingi. Kosa hili halimdhuru mtu, lakini msomaji makini akiliona ukurasa wa kwanza hupunguza imani yake kwa kurasa zote zinazofuata.

Ugunduzi, uvumbuzi na ubunifu

Katika sura ihusuyo haki za watafiti, rasimu yayatumia maneno haya matatu kwa kupokezana, pengine kwa kuepuka kurudia neno lile lile. Katika insha tungemsifu mwandishi. Katika waraka wa haki twamshauri aache mara moja, kwa sababu katika istilahi kurudia neno si udhaifu wa lugha. Ni uaminifu kwa msomaji.

Kugundua ni kukifahamu kilichokuwapo kabla ya kujulikana. Kuvumbua, kama litumikavyo leo katika sayansi, ni kukifanya kiwepo kisichokuwapo. Kubuni ni kulitunga wazo au umbo la jambo, na siku hizi ubunifu umepewa pia maana pana ya kuingiza jambo jipya katika matumizi. Mwaka 1956 Bardeen, Brattain na William Shockley walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa utafiti wao juu ya nusu-vipitishi na kwa ugunduzi wa athari ya transista. Waliotoa tuzo walilipa jambo la maumbile: kwamba umeme hutenda hivi ndani ya jerimaniamu. Lakini hataza waliyoipata Bardeen na Brattain mwaka 1950 haikuwa ya athari hiyo. Ilikuwa ya kifaa, maana sheria hailindi maumbile, hulinda chombo kilichotokana na akili ya mtu. Watu ni wale wale na kazi ni ile ile, lakini ofisi moja yataka ugunduzi na nyingine yataka uvumbuzi. Mtafiti anayejaza fomu ya hataza na kuandika kwamba ameomba ulinzi wa «ugunduzi» wake huenda akarudishiwa karatasi zake, naye asijue kwamba aliyemponza ni mfasiri.

Mfano, sampuli na kifani

Neno mfano limebebeshwa mzigo mkubwa kuliko nguvu zake. Katika kurasa nne za rasimu tumelikuta likimaanisha kipande kilichotolewa katika kundi ili kipimwe, mchoro wa kueleza nadharia, umbo dogo la mtambo, na kifaa cha kwanza cha aina yake. Fundi aliyeandikiwa «peleka mfano maabara» atapeleka nini?

La kwanza lina jina tayari, nalo ni sampuli. La pili ni kielelezo. Tabu iko katika hilo la nne, yaani kifaa kamili cha kwanza kinachotengenezwa ili kujaribiwa kabla ya kutengeneza vingi. Siku hizi twasikia kikiitwa «sampuli kifani», nayo istilahi hiyo imeenea miongoni mwa wahandisi. Twaiheshimu bidii ya walioiunda, lakini hatukubaliani nayo. Sampuli hutolewa katika kitu kilichopo: kibaba katika gunia, chupa katika kasha. Kifaa cha kwanza hakikutolewa popote; hicho ndicho kilichotangulia, na vingine vyote vitakitazama hicho. Kuita kitangulizi kwa jina la kifuasi ni kugeuza mkondo. Twapendekeza «kifaa tangulizi», au kwa ufupi «kitangulizi», nalo neno sampuli libaki kwa wapimaji.

Kadhalika pana haja ya kutenga hatua iliyo baina ya meza ya maabara na kiwanda kamili. Rasimu yaiita «kiwanda cha mfano», na msomaji wa kawaida ataelewa kwamba ni kiwanda bora cha kuigwa na wengine, kama shule ya mfano au shamba la mfano. Iliyokusudiwa ni mitambo midogo ya kujaribia uzalishaji. Tuangalie habari ya nailoni katika kampuni ya DuPont. Kundi la Wallace Carothers lilitengeneza aina ya 6-6 kwa mara ya kwanza tarehe 28 Februari 1935. Mkuu wa utafiti wa kemia, Elmer Bolton, aliichagua aina hiyo miongoni mwa nyingine kwa kuwa malighafi zake zote mbili zingeweza kutokana na benzini, iliyopatikana kwa wingi. Mwaka 1938 mitambo midogo ilikuwa ikifanya kazi mjini Wilmington, na kiwanda kamili cha Seaford kikaanza uzalishaji mwishoni mwa 1939. Mitambo ya Wilmington haikuwekwa ili watu waje waipendeze na kuiiga. Iliwekwa ili ikosee kwa gharama ndogo kabla ya kiwanda kukosea kwa gharama kubwa. Jina lake na liwe «kiwanda cha majaribio». Wahenga wamesema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na bidhaa nyingi zilizofana mezani huishia ukingoni hapo kwa kukosa hatua hii moja.

Matokeo mabaya

Tumefika mahali tunapoona hatari iliyo kubwa kuliko zote, ingawa neno lenyewe ni dogo. Rasimu yasema: «Mtafiti mwenye matokeo mabaya atoe maelezo kwa maandishi kwa mkuu wake.» Katika lugha ya utumishi sentensi hii ina maana moja tu, nayo ni kwamba mtafiti ameshitakiwa. Mtumishi hutakiwa kutoa maelezo kwa maandishi anapokosa kazini, na matokeo mabaya ni ya mwanafunzi aliyeanguka mtihani. Asomaye hivyo atajitetea, au ataficha.

Bila ya shaka asili ya sentensi haikuwa hivyo. Ilikusudiwa jaribio lililotoa jibu la «hapana», na ilitakiwa jibu hilo liandikwe vizuri ili lisipotee. Jibu la «hapana» si baya. Mwaka 1945 Shockley alibuni kifaa kilichopasa, kwa mujibu wa hesabu zake, kukuza ishara kwa nguvu ya uga wa umeme. Kilipojaribiwa hakikufanya lolote. Lau tokeo hilo lingefichwa kwa hofu, huenda habari ingeishia hapo. Badala yake liliwekwa mezani, na Bardeen akaeleza mwaka 1946 kwamba elektroni zilizonaswa juu ya uso wa kitu ndizo zilizokuwa zikiuzuia uga usipenye ndani. Wakaanza kuutafiti uso wenyewe, na katika njia hiyo wakafika Desemba 1947. Transista ni mtoto wa tokeo ambalo rasimu yetu ingeliita baya.

Lugha yetu ina neno tayari, linalotumika shuleni katika hisabati na katika elimu ya umeme, nalo ni hasi. Namba hasi si namba mbaya. Twapendekeza «tokeo hasi» na «matokeo hasi», na sentensi yote isomeke: «Mtafiti aliyepata tokeo hasi aliandike katika daftari la maabara kwa ukamilifu ule ule wa tokeo chanya.» Waalimu wa sayansi twawaomba hasa walishike neno hili, kwani mwanafunzi aliyezoea kurekebisha tarakimu zake ili zifanane na za kitabu alianza zamani kuyaona matokeo kuwa ni mema au mabaya.

Kutawala, kusimamia, kuongoza

Mwisho, tuutazame mwongozo kwa jina lake. Jalada lasema «usimamizi», sura ya kwanza yasema «utawala», ya tatu «uongozi», na ya tano «menejimenti». Tumejitahidi kutafuta kama mfasiri amezitenga dhana nne, hatukuona.

Utawala una asili ya kutawala, na katika ofisi umekuja kuwa na maana ya shughuli za masijala, likizo, magari na vikao. Maabara yahitaji utawala huo, lakini hautoshi. Usimamizi una ndani yake picha ya mtu aliyesimama juu ya kazi akiitazama, nao wafaa sana pale kazi inapojulikana tangu mwanzo hadi mwisho: upimaji, ulinzi wa kemikali, usalama wa mitambo. Uongozi ni kuonyesha njia, na njia huonyeshwa hasa pale isipoonekana. Menejimenti ni neno la kukopa lililokwisha kupata makao katika utumishi wa umma kama jina la fani nzima, wala hatuna ugomvi nalo likiachwa libebe maana hiyo pana.

Kwa nini tunasisitiza? Kwa kuwa mtafiti hawezi kusimamiwa kama kibarua wa kupakia magunia, na mwenye kumwongoza lazima alijue hilo tangu katika neno. Mervin Kelly, aliyekuwa mkurugenzi wa utafiti wa Maabara ya Bell tangu 1936 na rais wake kuanzia 1951, alichanganya katika kundi moja wanafizikia, wanakemia na wahandisi, akawapa shabaha, kisha akawaachia njia. Mfano wa kinyume upo karibu yake. Shockley, aliyekuwa na akili isiyobishaniwa, alishindwa kukaa na aliowaongoza. Bardeen aliondoka mwaka 1951 kwenda Chuo Kikuu cha Illinois, na Brattain akaomba asiwe chini yake. Shockley alipofungua maabara yake mwenyewe huko Mountain View, California, mwaka 1956, alikusanya vijana hodari. Mwaka uliofuata wanane wakamwacha kwa pamoja na kuanzisha kampuni ya Fairchild Semiconductor. Mitambo aliibakiza, watafiti wakaondoka. Maabara iliyotawaliwa vizuri na ikakosa uongozi huishia hapo.

Basi twapendekeza mwongozo ugawe maneno haya kwa kazi zake: utawala wa ofisi, usimamizi wa vipimo na usalama, uongozi wa watafiti, na jalada libaki na «usimamizi wa maabara» kwa kuwa ndilo lililozoeleka, mradi utangulizi ueleze kwamba limetumika kwa maana pana.

Hitimisho

Watu wengine hudhani kwamba mabishano ya namna hii ni anasa ya wanalugha, na kwamba wanasayansi huita vitu kwa jina lolote na kuendelea na kazi. Sivyo. Mwezi Mei 1948, kabla ya kukitangaza kifaa chao, Maabara ya Bell waliwapelekea watu wao waraka wa kupiga kura juu ya jina. Waraka ulieleza sababu za kulipenda na kutolipenda kila jina, na majina yaliyopendekezwa yalikuwa sita, mengine marefu kama sentensi. Lililoshinda ni transista, lililotolewa na mhandisi John Pierce. Hao hawakuwa na upungufu wa kazi. Walijua kwamba jina lingewaendea mafundi, wanunuzi na wanasheria ambao hawangekuwapo maabarani kuuliza.

Twaona kwamba utaratibu huo wafaa kuigwa nasi: istilahi ipelekwe kwa wenye kuitumia ikiwa na sababu zake, nao waseme, kabla haijachapwa. Mfasiri wa rasimu hii hakupewa nafasi hiyo. Alipewa kitabu, kamusi na tarehe ya mwisho. Lawama yake tumwondolee nusu.

Mapendekezo yetu, utafiti na uendelezaji, kitangulizi, kiwanda cha majaribio, tokeo hasi, na mgawanyo wa utafiti, uchunguzi na upimaji, si amri. Yamkini fundi aliye karakanani analo neno bora kuliko letu, ila hakuna aliyemuuliza. Twawaomba wasomaji, hasa waliomo viwandani na katika idara za uhasibu, watuandikie walivyoyaona maneno haya yakifanya kazi. Na atakayeliona jedwali la makisio lenye safu ya «Maendeleo» peke yake, asililaumu jedwali. Aulize tu ni nani aendelezaye, na anaendeleza nini.